Kuku wa moto, marufuku

Wadau, testi zimenibana wiki nzima, ila hili la Wamarekani nimeshindwa kulinyamazia.

Kule kuna mpango wa msaada wa chakula unaitwa SNAP. Zamani uliitwa Food Stamps, jina likabadilishwa 2008. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 41 walikuwa wanaula huo. Serikali inakuwekea hela kwenye kadi, unaenda dukani kuchukua chakula. Pombe na sigara huwezi kununua, hapo sina ugomvi. Sasa sikilizeni hii: kuku wa kuokwa akiwa bado wa moto, hairuhusiwi. Kuku huyohuyo akipoa, akawekwa kwenye friji ya duka, ruksa! Jamani, mtu anayelala kwenye gari, jiko hana, anunue mchele autafune mbichi?

(Wanafunzi wenzetu wa kule wengi hata kadi yenyewe hawapati, labda wafanye kazi saa 20 kwa wiki au wawe na sababu maalumu.)

Halafu wakaingia kwenye soda. Minnesota iliomba kuzuia soda na pipi, 2004 ikakataliwa. Meya Bloomberg wa New York naye akajaribu 2010, mwaka uliofuata akanyimwa. Mei 2025 Nebraska ikakubaliwa, na tangu 1 Januari 2026 kadi haikununulii soda kule. Majimbo mengine nayo yamo.

Najua mtasema soda siyo chakula na kodi ni ya wananchi. Kweli, na kisukari siyo mchezo. Lakini serikali hiyohiyo inawapa ruzuku wakulima wa mahindi, na mahindi ndiyo yanayotoa ile sukari ya majimaji inayotia utamu soda zao. Kule shambani hela inamwagwa, huku kaunta mama wa watu anaambiwa mbele ya foleni nzima, "hii rudisha."

Na sisi je? Boom nalo ni hela ya serikali, hata kama ni mkopo, na humo ndani lina fungu la chakula. Likiingia, siku tatu kuku na soda ya baridi, baada ya hapo ni maharage mpaka tujute. Nani amewahi kutuuliza? Bodi ikitangaza kesho kwamba chipsi mayai marufuku, hapa hapakaliki.

Wa kunipinga nipo kantini saa kumi. Soda kila mtu ajinunulie.