Mtibwa walikosea kuuza?

Najua kimya kimekuwa kirefu, ni test mfululizo na madesa yasiyoisha, ila nipo mzima huku Mazimbu. Leo siongelei boom. Leo ni mpira, na wale mnaosema mpira hauwahusu msikimbie, mbele huko kuna habari ya kiwanja.

Juzi usiku kwenye kijiwe cha chipsi zogo lilikuwa kubwa mpaka muuzaji akasahau zege la watu jikoni. Kuna dogo wa mwaka wa kwanza, mtoto wa Turiani kabisa, alikuwa anadai viongozi wa Mtibwa Sugar ndio walioishusha timu daraja mwaka 2024, kwa sababu kila mtoto akianza kuujua mpira wanamuuza. Akaanza kuhesabu kwa vidole. 2016 walikwenda Simba watatu kwa mpigo: Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. 2018 akafuata Hassan Dilunga, Msimbazi hukohuko. Halafu ikawa zamu ya Jangwani: Kibwana Shomari 2020, Dickson Job dirisha dogo la Januari 2021, kisha kipa Abutwalib Mshery. Vidole vya mkono mmoja vikamwishia akahamia wa pili. "Hao wote wangebaki, nani angetugusa pale Manungu?"

Kijiwe kizima kikamuunga mkono. Mimi nilikataa na bado nakataa, ndiyo maana naandika. (Mimi ni Simba damu, mnajua, kwa hiyo mnaosema natetea wizi wa Simba nimewasikia mapema.)

Kwa wasioijua Mtibwa: ni timu ya kiwanda cha sukari, iko wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Nguru, siyo hii Uluguru yetu tunayoamka nayo dirishani. Timu ya mashamba ya miwa iliyobeba ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, huku Simba na Yanga zikiangalia. Siyo timu ya kubeza.

Sasa tumfuate dogo kwa hesabu zake. Kama kuuza ndiko kulikoishusha timu, basi tusimamishe saa Juni 2018. Kichuya, Muzamiru na Mo Ibrahim wameshaondoka miaka miwili nyuma. Siku hiyo Mtibwa wako Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, fainali ya Kombe la Shirikisho, wanamfunga Singida United 3-2 na kubeba kombe. Ungemkuta shabiki gani wa Turiani jioni ile anasema viongozi ni wajinga? Wangesema hawa ndio wanaojua biashara: wanauza na bado wanabeba makombe. Isogeze saa mpaka 2024, timu inashuka, viongozi walewale wamekuwa wajinga. Isogeze tena mpaka 2025, Mtibwa wanaongoza Championship na kurudi Ligi Kuu. Je, wamekuwa na akili tena? Makubaliano ya 2016 hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni siku ambayo sisi tumeamua kuhukumu.

Na jamani, mchezaji siyo gunia la mpunga kwamba utalifungia stoo usubiri bei ipande. Ana mkataba. Ukibaki miezi sita, kanuni za FIFA zinamruhusu kuongea na timu nyingine na kusaini makubaliano ya awali, na mkataba ukiisha anaondoka huna hata shilingi. Kwa hiyo kiongozi wa timu ndogo mara nyingi hachagui kati ya kuuza na kubaki na mchezaji, anachagua kati ya kuuza leo na kumpoteza bure kesho. Lile swali la dogo, "wangebaki hao wote", linadhani kulikuwa na mlango ambao pengine haukuwepo. Dickson Job ni mtoto wa hapahapa Moro, nahodha wa Serengeti Boys kwenye AFCON ya vijana 2017. Kijana wa namna hiyo Yanga wanamwita, wewe unamwambia nini? Abaki aangalie miwa?

Roommate wangu anafuatilia mpira wa Wamarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi na helmeti kichwani. Kule kila mwaka timu zinagawana vijana kwa zamu, iliyoshika mkia inachagua kwanza. Mwaka 2000 kijana mmoja anaitwa Tom Brady alichaguliwa wa 199. Baadaye akabeba ubingwa mara saba. Leo kila mtu anawacheka waliomruka, lakini sikia hii: hata timu iliyomchukua, New England Patriots, ilichukua wengine sita mwaka huohuo kabla ya kumfikia yeye. Wangekuwa wanajua, wangesubiri mpaka zamu ya 199? Hakuna aliyejua. Majuto ni mjukuu, sawa, ila siku ya harusi ya babu mjukuu hakuwepo.

Nirudi nyumbani, kwenye kidonda changu. Agosti 2021 Simba tuliuza wawili dirisha moja: Luis Miquissone kwenda Al Ahly, Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco. Tulikuwa tumetoka kubeba ubingwa mara nne mfululizo. Yanga wakauchukua msimu uliofuata, na uliofuata, na uliofuata, mpaka 2025 wakafikisha wa nne. Kila mwanasimba ninayemjua anasema ubingwa wetu uliuzwa Agosti ile. Hata mimi moyo unataka kusema hivyo. Miquissone alitufunga akiwa na UD Songo 2019, akatutoa Ligi ya Mabingwa hapohapo Dar, tukaenda kumnunua, na Februari 2021 akawafunga Al Ahly kwa Mkapa, nao wakaja kumnunua. Nani hakuumia?

Ila fuatilia yaliyomkuta. Kule Cairo hakucheza sana, akapelekwa Abha ya Saudia kwa mkopo, akarudi kwetu 2023, na aliyerudi hakuwa Luis yule, mwaka uliofuata tukaachana naye. Chama yeye alirudi mapema tu, Januari 2022, katikati ya msimu. Je, ubingwa ulirudi naye? Yanga walimaliza msimu ule bila kupoteza mechi ya ligi hata moja. Kwa sababu dirisha lilelile tulilouza sisi, wao walikuwa wananunua: Diarra golini, Djuma Shaban, Bangala, Aucho, na Mayele mbele. Hiki ndicho tunachokisahau tukiwa tunawachambua viongozi wetu, kwamba upande wa pili nako kuna mtu anafikiri. Tunaongea kama vile Simba ilikuwa inacheza na ukuta.

Sisemi kila kiongozi asamehewe, hapo mtanielewa vibaya. Yapo makosa ambayo hayahitaji kusubiri miaka ndipo yaonekane. Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia, bei iliyotangazwa dola 300,000. Kuuza haikuwa kosa, bei ilikuwa nzuri mno kwa wakati ule. Lakini mchezaji aliondoka, hela hazikuja, kesi ikaenda FIFA, na kabla mwaka haujaisha Okwi huyo kavaa jezi ya Yanga! Kwamba usikabidhi mali kabla ya kushika chako, hilo lilijulikana siku ileile. Hata mama muuza ndizi sokoni analijua. Hapo ndipo pa kumshika kiongozi: alijua nini siku anasaini, angeweza kujua nini kama angeuliza, na hela alizopata alizifanyia nini. Hilo la mwisho ningependa sana dogo wa Turiani aliulize badala ya kuhesabu vidole. Timu inayouza watoto saba na kuleta wengine wanaokuzwa vizuri siyo sawa na timu inayouza watoto saba basi.

Haya, kiwanja. Mzee wangu alikuwa na kiwanja upande wa Kihonda, alikinunua mwenyewe zamani kidogo kidogo. Mkopo wangu ulipotoka pungufu, akakiuza nikasome. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Moro Juni 2024, kila mwenye kiwanja mjini hapa anatembea kama mbunge, na bei zimepanda kweli. Sasa mjomba, ambaye kwa sisi Waluguru ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya ukoo wa mama, hakosi kulisema. Akishuka na kabeji zake kutoka Mgeta, chai haijapoa ameshaanza. "Shemeji, kile kiwanja leo kingekuwa shilingi ngapi?" Mzee ananyamaza. Anakoroga chai ambayo haina sukari ya kukorogwa.

Mimi nakaa pale naangalia chini, kwa sababu mimi ndiye hela za kile kiwanja. Nikifaulu na kupata kazi, mzee atakuwa aliona mbali. Nikipigwa disko muhula ujao, atakuwa mzembe aliyetupa mali. Na ni mzee yuleyule, siku ileile, mbele ya mjumbe yuleyule, na tarehe ya mwisho ya usajili chuoni ikiwa imebaki wiki moja. Hiyo wiki moja mjomba huwa haitaji kabisa. Reli ilikuwa bado inajengwa, hakuna aliyejua bei zitakimbia namna gani, yeye mwenyewe mjomba wakati ule alisema Kihonda ni vumbi tupu. Nimewahi kutaka kumkumbusha, lakini mjomba hajibiwi mbele ya watu, mnajua kwetu.

Kwa hiyo siku ile kijiweni, dogo alipofika kidole cha saba na watu wakacheka, mimi sikuwa nabishana kuhusu Mtibwa peke yake. Nilimuuliza kitu kimoja: ungekuwa wewe ofisini Manungu 2016, Simba wako mezani na hela, vijana watatu wanataka kwenda, ungefanyaje? Akafikiri kidogo. Akasema angeuza wawili abaki na Kichuya.

Tukaanza ubishi upya, mpaka muuzaji akazima taa. Wenye majibu mazuri zaidi ya hilo nileteeni, nawasubiri. Mimi nina kipindi saa mbili asubuhi na desa sijaligusa.