Habari za Wapita Njia

Ukimwambia mtu wa Mbeya kwamba wewe ni mwandishi wa habari, swali lake la kwanza ni, "Wa redio gani?" Ukimjibu kwamba unaandikia gazeti la Kanisa, anakuonea huruma kidogo. Kichwani mwake anaona jubilei za mapadre, harambee ya mabati ya kigango na askofu akikata utepe. Simlaumu. Habari za namna hiyo ndizo zilizonilisha mwaka wangu wa kwanza. Lakini iko habari nyingine inayopita mlangoni petu usiku, chini ya turubai la lori, na hiyo ndiyo iliyonishika nisiiache kazi hii, ingawa mfuko wangu umenishauri vingine mara nyingi.

Nilimaliza kidato cha nne na alama zisizonifikisha cha tano. Nilichokuwa nacho ni madaftari matatu ya riwaya isiyotaka kwisha, pamoja na ubishi. Katekista wa mtaa wetu hapa Uyole ndiye aliyenipeleka kwa mhariri. Wapo walioisomea kazi hii darasani kule Nyegezi, Mwanza, kwenye kituo kilichoanza mwaka 1960 na ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mimi nimeisomea stendi. Ninalipwa kwa habari, na habari isiyotoka haina hata senti. Hata hivyo, nilipojua kwamba Wabenediktini wa Peramiho walianza kutoa Mwenge mwaka 1937, na kwamba Kiongozi lilianzia Tabora mwaka 1950, niliona nimeingia kwenye nyumba ya siku nyingi, japo nimelala barazani.

Sasa itazame ramani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapanda mlima Kitonga, inapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, inashika Mafinga na Makambako, halafu inateremkia Chimala na kufika kwetu Uyole. Hapo inagawanyika. Mkono wa kushoto unakwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu. Ng'ambo ni Malawi. Ukinyoosha unaipita Mbeya mjini mpaka Tunduma. Ng'ambo ni Zambia. Ni njia ya mafuta, shaba na mbolea, lakini kwa miaka mingi sasa imebeba pia vijana wa Ethiopia wanaokwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Wengi hutoka kusini mwa nchi yao, pande za Hadiya na Kembata, ambako watu ni wengi na mashamba ni vipande tu. Wanavuka Moyale, wanakatiza Kenya, wanaingia kwetu kwa njia za panya, na kuanzia hapo wanakuwa mzigo wa dalali.

Wakikamatwa, waandishi hupigiwa simu. Wanafika kituoni, wanapiga picha ya watu waliochuchumaa safu kwa safu, na kesho yake inatoka: wahamiaji haramu wanaswa. Idadi, aina ya gari, jina la kamanda, basi. Mimi nami hufika pale. Tofauti ni kwamba gazeti letu hutoka mara moja kwa wiki, na ikifika siku hiyo habari ya kukamatwa imeshachacha. Nikitaka kuuza chochote, nalazimika kuuliza swali la pili: baada ya hapo?

Baada ya hapo kuna mahakama. Wanasomewa shtaka la kuingia nchini bila kibali, mkalimani akipatikana. Wanakiri. Wanatozwa faini ambayo hawana, wanakwenda gerezani. Na hapa nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote: kifungo kikiisha, safari ya kurudi haianzi yenyewe. Nauli atalipa nani? Wapo waliobaki gerezani baada ya kumaliza adhabu, wakingoja Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lisaidie kuwarudisha kwao.

Na wapo ambao hata hiyo mahakama hawakuiona. Juni 2012, huko Kongwa mkoani Dodoma, zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori lililokuwa likielekea Malawi, wakatupwa porini pamoja na waliokuwa bado hai. Machi 24, 2020, mkoani Tete, Msumbiji, maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena la lori lililotokea Malawi. 14 walitoka hai. Oktoba 2022, wilayani Mzimba, Malawi, lilifukuliwa kaburi la pamoja: kwanza miili 25, na mingine ikafuata. Rudi kwenye ramani uniambie ni lori gani litamtoa mtu Ethiopia limfikishe Malawi bila kukanyaga ardhi yetu. Si rahisi. Watu hawa tumepishana nao barabarani sisi tukiwa kwenye basi, tunakula mahindi ya kuchoma.

Siku moja, nje ya mahakama, kijana mmoja aliyefungwa pingu pamoja na mwenzake aliniomba kalamu kwa ishara. Akaandika jina lake kwenye daftari langu kwa herufi za kwao, ambazo siwezi kuzisoma. Kwenye karatasi za kesi lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili tofauti, na sidhani kama hata moja ilikuwa sahihi. Nilipowaonyesha wenzangu wa kijiweni tunaosomeana hadithi, walisema, "Mzee, hiyo ndiyo riwaya yako!" Labda. Ila sina haraka ya kumfanya mhusika mtu ambaye sijaweza hata kumwita.

Kuna wanaoniuliza, tena wengine wakiwa na rozari shingoni: hawa wengi wao si wenzetu, ni Waprotestanti na Waislamu, gazeti letu linawatafutia nini? Mimi si mwanateolojia. Najua tu kwamba yule mgeni anayetajwa katika sura ya 25 ya Mathayo hakuombwa cheti cha ubatizo. Najua pia kwamba safari ya kwanza ya Papa Fransisko nje ya Roma, Julai 8, 2013, ilikuwa ya kwenda kisiwa cha Lampedusa kuwaombea wahamiaji waliozama baharini, na wengi wao hawakuwa Wakatoliki.

Halafu na sisi tujitazame. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Rungwe, alikwenda Joni kuchimba dhahabu akiandikishwa na WENELA, kama wengi wa rika lake. Upande wa Iringa, Wahehe, Wabena na Wakinga walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Na kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi hii ilipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao akina mama na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa Urusi ya Kisovieti na kutokea huko kwa njia ya Iran. Baadhi yao waliwekwa Ifunda na Kidugala, huku huku Nyanda za Juu. Hawakuitwa haramu, maana Mwingereza aliyetawala ndiye aliyewapokea. Babu naye alikuwa na karatasi ya mwajiri. Kumbe kati ya mgeni na haramu mara nyingine ipo karatasi tu, na karatasi hutolewa na mwenye kuihitaji mikono yako.

Sisemi nchi isiwe na mlango. La hasha! Dalali anayepakia watu kama magunia ya viazi ashtakiwe, na sheria zipo kwa ajili ya watu wa namna yake. Nasema kitendo chaweza kuwa haramu, lakini mtu hawezi. Kwa hiyo mimi huandika "walioingia bila kibali". Mhariri hulalamika kwamba maneno hayo yanakula nafasi kwenye kichwa cha habari. Yale sana.

Lakini lililonibana zaidi lilitokea upande wa Iringa, kijiji sitakitaja. Vijana saba walishushwa msituni usiku, lori likaondoka. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni ya kule mnaijua. Mama mmoja aliyetoka kutafuta kuni aliwakuta. Akawaamkia kwa kilugha, "Kamwene," ndiyo salamu aliyo nayo, kisha akarudi nyumbani kupika uji na kuwapelekea pamoja na blanketi mbili za watoto wake. Kulipokucha walikuwa wameondoka, na blanketi wameziacha zimekunjwa. Nilimwuliza kama hakuogopa. Akanijibu, "Mwanangu, walikuwa wanatetemeka. Ningewauliza pasi na wao wanatetemeka?"

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inamhesabia kosa anayemhifadhi mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria. Uji na blanketi ni kumhifadhi? Wakili mmoja angesema hapana, mwingine ndiyo, na mama yule asingekuwa na fedha ya kumlipa yeyote kati yao. Mhariri alitaka jina, kijiji na picha ya ukurasa wa mbele. "Kijana," alisema, "habari bila jina na mahali ni hadithi. Hadithi si unazo nyumbani?" Wiki hiyo hiyo palikuwa na mazungumzo ya nafasi moja ya ajira ya kudumu. Wenye vyumba hapa Uyole hawapokei dhamiri badala ya kodi, na mimi nilikuwa na deni la miezi miwili.

Nilipeleka habari bila jina, bila kijiji, bila picha. Ilitoka aya nne, ukurasa wa ndani. Nafasi ile akapewa mwenzangu, na anaimudu vizuri. Mimi bado ninalipwa kwa habari. Mama yule bado analima shamba lake, na hakuna aliyemwita kituoni.

Wenzangu mnaotamani kuandika vitabu, msiyadharau magazeti haya madogo. Gari hayatakupeni. Yatakupeni muda wa kuuliza swali la pili, na watu wa kuwauliza: katekista, mama wa jumuiya, mfungwa aliyemaliza kifungo na bado yumo. Mkiambiwa jina, hakikisheni herufi zake. Mkiombwa lisitajwe, nyamazeni, hata kama ndilo lingewauzia habari. Na mkienda mahakamani chukueni kalamu mbili, maana moja itaazimwa.