Pikipiki, Marafiki na Amana ya Safari

 

Wazazi wa wanafunzi wetu hapa Nyamirambo wamekuwa wakituuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa dhati: walimu wa madrasa wanatafuta nini juu ya pikipiki, tena si kwenda sokoni wala kazini, bali kuzunguka nchi na marafiki? Swali hilo ni la haki. Tumeona tulijibu hapa ili familia nzima isome, na hasa vijana, kwani wengi wao wanaingojea pikipiki yao ya kwanza kama mtoto anavyoingojea Idi.

Tuko sita. Wawili ni walimu wa madrasa, mmoja anauza nafaka, mmoja ni fundi cherehani, mmoja ni muuguzi, na wa sita ni kijana aliyesoma kwetu, ambaye sasa ni motari anayebeba abiria mjini Kigali. Pikipiki zetu si za fahari. Ni zile zile za CC 125 na 150 mnazoziona kila kona ya mji. Tunazipanda kwa kazi wiki nzima, na mara moja au mbili kwa mwaka tunatoka nazo pamoja kwenda kuunga udugu na kutazama kazi ya Muumba katika milima na maziwa ya nchi hii.

Tuanze na kumiliki. Kijana anapotamani pikipiki, watu wa kwanza kumkimbilia ni wakopeshaji wa riba, na Allah (S.W.) ameiharamisha riba kwa kauli iliyo wazi katika Suratul Baqara. Watatu kati yetu walinunua zao kwa upatu, ambao hapa tumezoea kuuita ikimina: kila mmoja anatoa kiasi kile kile kila mwezi, na fungu linakwenda kwa zamu, bila ziada hata faranga moja. Wa mwisho alisubiri karibu miaka mitatu akitembea kwa miguu. Alipoipata ilikuwa yake kweli, hakuna aliyemdai. Na anayenunua iliyotumika ahakikishe kwamba namba ya chesisi na ya injini zinalingana na zile za kwenye kadi, asije akanunua mali ya mtu iliyoibwa. Mali ya wizi haihalaliki kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Baada ya kumiliki kuna kutunza, na hapa ndipo wengi tunapoonana tabia zetu. Kuna mtu atakayeiosha pikipiki kila Ijumaa mpaka ing'ae, lakini oili ya injini imekuwa nyeusi kama lami. Injini hizi ndogo hupoozwa kwa upepo na kwa oili yake, ambayo ni kama lita moja tu. Ikipungua au ikizeeka, vyuma vinasagana. Cheni nayo isikazwe kama uzi wa gambusi wala isilegee ikapigapiga. Ukiisukuma kwa kidole katikati, icheze kiasi cha upana wa vidole viwili. Tairi zipimwe upepo asubuhi kabla hazijapata moto. Taa ya nyuma iwake, maana aliye nyuma yako haijui nia yako ila kwa taa hiyo.

Wanafunzi wetu hupenda kutuuliza kuhusu udhu wa mtu anayeshika spana. Oili na grisi ya injini si najisi kwa asili yake, na nguo yenye doa lake inaswalika. Lakini grisi iliyoganda juu ya ngozi ikafanya tabaka inazuia maji kufika, na udhu hautimii mpaka iondolewe. Likibaki doa la rangi tu, halina neno. Kwa hiyo katika mfuko wetu wa spana hakukosekani kipande cha sabuni na mswaki wa zamani wa kusugulia kucha.

Sasa tuingie kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika kiangazi cha mwaka 2022 tulipanga safari ya siku mbili. Tuondoke Kigali Jumamosi baada ya Alfajiri, tupitie Musanze hadi Rubavu tulale huko. Jumapili tufuate barabara ya kando ya Ziwa Kivu hadi Karongi, kisha turudi nyumbani kwa njia ya Muhanga. Ni mzunguko wa karibu kilomita 400. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuliikwepa, kwa kuwa asubuhi yake ni ya umuganda. Huko Karongi alikuwapo mzee aliyetufundisha sisi walimu wawili alifu kwa kijiti tulipokuwa watoto. Alikuwa anaumwa, naye alikuwa ametuma salamu kwamba anatungoja.

Kwa mafunzo ya Mtume (S.A.W.), watu watatu wakisafiri pamoja humfanya mmoja wao amiri. Sisi tulimchagua muuza nafaka, kwa sababu ni mtu asiye na haraka. Usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, alituita uani kwake na pikipiki zote, akaja na tochi akazikagua moja moja. Alipofika kwa kijana wetu motari alikanyaga breki ya nyuma mara mbili, akaizungusha gurudumu kwa mkono, akainama akasikiliza. Viatu vya breki vilikuwa vimekwisha. Chuma kilikuwa kinakwaruza chuma.

"Na hii umeibebea abiria leo?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Natumia zaidi ya mbele. Na Mungu ndiye mlinzi."

"Mungu ndiye aliyetupa macho tukaiona," amiri akamjibu. "Kesho hutoki na hii."

Hapo uani pakawa na ubishi. Muuguzi alikuwa na zamu Jumatatu alfajiri, hivyo siku ya kurudi haikuweza kusogezwa. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, na mpaka yafunguliwe na fundi amalize kazi ingekuwa karibu Adhuhuri. Mmoja wetu alitoa rai kwamba kijana abaki, safari nyingine zipo. Kijana mwenyewe akakubali upesi, tena upesi mno, akaanza kuvaa koti aondoke.

Fundi cherehani alimfuata hadi mlangoni wakazungumza kwa sauti ya chini. Aliporudi alimnong'oneza amiri tu. Baadaye ndipo sote tulipojua, kwa idhini ya kijana mwenyewe: kwa miezi miwili fedha za matengenezo zilikuwa zinakwenda kwenye dawa za mama yake, na alikuwa anaona haya kusema mbele ya walimu wake.

Amiri hakutoa hotuba. Alisema, "Tunakwenda sote sita au haendi mtu." Akabadilisha safari pale pale. Musanze na Rubavu tukaziacha. Tutangoja breki itengenezwe, tuswali Adhuhuri nyumbani, kisha twende Karongi moja kwa moja kwa njia ya Muhanga, kilomita kama 130, tufike kabla ya Magharibi, na Jumapili turudi kwa njia ile ile. Ziwa tutaliona kwa upande mmoja tu. Kisha akaivua kofia yake akaipitisha kwetu sote, na hata kijana akatia sarafu alizokuwa nazo. Haikuitwa sadaka. Iliitwa mfuko wa matengenezo, na kijana alikuwa mwanachama wake kama sisi wengine.

Ndugu wasomaji, wengi wanaikumbuka hadithi ya yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake, akaelekezwa kwamba amfunge kwanza kisha amtegemee Allah. Lakini katika breki ya kijana wetu kuna jambo jingine zaidi ya nafsi yake. Abiria anayepanda nyuma ya motari pale stendi hana namna ya kuzijua breki zile. Amekabidhi uhai wake kwa mtu asiyemjua, akavaa kofia ngumu aliyopewa, akasema twende. Hiyo ni amana, na milima ya Kigali haina huruma kwa asiyeitunza. Na sisi tuliokaa na kijana yule katika darsa kwa miaka, haki yake juu yetu haiishi kwa kuitikia salamu yake.

Siku ya pili tuliondoka saa saba mchana. Tulisoma dua ya kupanda kipando, inayotokana na aya ya 13 na ya 14 za Suratuz Zukhruf, ambayo inamkumbusha mpandaji kwamba kipando hakikumtii kwa nguvu zake mwenyewe, na kwamba marejeo yake ni kwa Mola wake. Tulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, hatukupangana ubavuni tukizungumza kama wafanyavyo vijana. Aliyeijua njia alitangulia, kijana wetu akamfuata, na amiri akawa wa mwisho kabisa na mfuko wa spana. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa nyuma yake. Haya nayo yana asili: imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.), katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akiwasogeza walio dhaifu, akiwapakia nyuma yake na kuwaombea dua. Kiongozi wa leo hupenda kuwa mbele avume. Yeye, mbora wa viumbe, alikuwa nyuma pamoja na waliochoka.

Alasiri ilitukuta baada ya Muhanga. Tuliweka pikipiki mbali na lami, tukatandika mikeka, tukaiswali rakaa mbili, kwani wanazuoni wengi wanakadiria masafa ya kupunguza swala kuwa kilomita 80 na kitu, na anaanza kupunguza akishauacha mji wake. Magharibi na Alfajiri hazipungui, na msafiri akiswali nyuma ya imamu mkaazi hukamilisha nne. Aliyevaa mabuti yanayofunika vifundo vya miguu, na aliyavaa akiwa na udhu, ana ruhusa ya kupaka maji juu yake siku tatu na nyusiku zake akiwa safarini.

Kutoka hapo barabara inapanda, kisha inateremka kwa kona nyingi kuelekea ziwani. Mteremko ndio mtihani wa pikipiki. Wako wanaotoa gia ili kuokoa petroli, wakaacha mzigo wote kwa breki. Breki ikishikwa mfululizo hupata moto, na ikipata moto sana hukamata kidogo kuliko mwanzo, tena pale unapoihitaji zaidi. Sisi tuliteremka kwa gia ya pili na ya tatu, injini yenyewe ikizuia, na breki tukaigusa tu kabla ya kona. Kijana wetu mbele yetu aliteremka kwa utulivu. Taa yake ya nyuma ilikuwa ikiwaka na kuzima kila kona, na kwa macho yetu hiyo ilikuwa nzuri kuliko ziwa.

Tulifika Karongi jua linakuchwa. Mzee alikuwa amekalishwa kitandani kwa mito. Alitushika mikono mmoja mmoja, na alipoambiwa kwamba kijana huyu alisoma kwetu, alicheka akasema, "Basi huyu ni mjukuu wangu," akamsomesha Suratul Fatiha pale pale kama alivyokuwa akitusomesha sisi, akimrekebisha herufi mbili. Mzee yule alifariki kabla ya mwaka kwisha, Allah amrehemu. Sote sita tulikuwa tumeagana naye.

Mzunguko mzima tuliukamilisha mwezi wa Julai 2023, wakati wa kiangazi tena. Njia za upande ule hatuziendei katika miezi ya masika. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka huo mvua na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na tulipopita tuliwaombea Allah awarehemu waliofariki.

Mfuko wa matengenezo upo hadi leo. Kila mmoja anatia faranga 2,000 kwa mwezi, na mwenye shida huchukua bila kuulizwa mbele ya watu. Kabla ya kila safari tunakagua uani, na siku hizi anayeshika tochi ni yule yule kijana, kwa kuwa hakuna anayesikiliza gurudumu kama yeye.

Wazazi wetu, mwana wenu akitaka pikipiki, msimkatalie kwa hofu tu, wala msimnunulie kwa fahari tu. Apate kwanza leseni na kofia ngumu iliyo imara, kisha mumuulize atasafiri na nani. Nanyi vijana, kabla ya kuulizana nani ana mwendo, ulizaneni nani breki yake imekwisha na anaona haya kusema.

Tunamuomba Allah awahifadhi wasafiri wetu wote, wa barabarani na wa majini, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa watu wa amana. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.