Masista wa Ruwi

Binti wa kaka yangu ni muuguzi hapa Muscat, na kazi anaijua. Mwezi uliopita mkuu wa wodi yao, mama wa Kimalayali kutoka Kerala, India, aliyemfundisha mengi ya kazi hiyo, aliaga: anahamia Ireland na mumewe na watoto. Binti akaniambia, "Shangazi, hawa Wahindi wanapenda pesa tu. Hapa kakosa nini?" Niliumia. Anayesema hivi kalelewa katika ukoo ambao watoto wake watatu walipokewa duniani na mikono ya mwanamke mmoja kutoka Kerala, naye hata habari yake hajapata kuisikia.

Sisi tulifika Ruwi, hapa Muscat, kutoka Unguja katikati ya miaka ya 70. Dada yangu anashikilia ni 1974. Muhuri katika pasi ya marehemu mama unasema 1975. Mwaka wenyewe si kitu. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na jengo la ghorofa tatu walilokaa wauguzi, na sote tuliliita nyumba ya masista. Lango lilifungwa mapema usiku, mlinzi Mbaluchi akakaa na kiti chake, na mwanamume hakupita hata akiwa kaka wa mtu. Wengi wa waliokaa mle walikuwa wameolewa. Waume walikuwa kwao Kerala: Kottayam, Thiruvalla, Pathanamthitta. Watoto walilelewa na bibi zao.

Sista wetu, yule aliyewapokea watoto wa ukoo, tulimjua kwa harufu kabla ya jina. Ruwi ile ilikuwa vumbi, saruji mbichi na moshi wa malori, kisha akapita mtu ambaye nywele zake zinanukia mafuta ya nazi. Mama alikuwa mlangoni. Alimsimamisha pale pale, akamshika mkono, na kwa kuwa hakuwa na lugha ya kusema naye, akamwita dada yangu aje na Kiingereza chake cha shule. Kiarabu mama alikijua cha kuswalia tu, na sista alikuwa hajakijua kabisa. Wageni wawili katika nchi moja, mmoja, mama yangu, akiitwa mwenyeji kwa nasaba.

Ijumaa, ibada ikiisha katika kanisa la Ruwi, alikuja kwetu na bakuli. Ndipo tulipojua kwamba Wamalayali wanakula muhogo. Waliuchemsha, wakauponda kidogo na nazi ya kukuna, bizari ya manjano na pilipili mbichi, wakaula na mchuzi wa samaki uliotiwa tunda moja kavu, jeusi, lenye ukali wa kushinda ukwaju. Muhogo wenyewe ulikuja na ndege, ukiwa umefungwa katika magazeti, na haukuwa mwingi. Mama hakuwa ameonja muhogo tangu bandari ya Unguja. Alikula kimya mpaka akamaliza, akaenda jikoni, akarudi na vitumbua, na sista akacheka sana, kwa sababu kwao navyo vipo, vya mchele na nazi vile vile, ila wao hutia ndizi na sukari guru.

Alikuwa na redio ya kaseti. Barua zilichelewa, na mtoto wake wa kike alikuwa bado hajui kuandika barua, basi mumewe alimrekodi akisoma, akiimba, akigombana na bibi yake, kaseti ikaletwa na mtu anayesafiri. Chumbani kwake asingeweza kuisikiliza, kwa kuwa mwenzake alifanya zamu ya usiku na mchana alilala. Alikuja kuisikiliza barazani kwetu. Sisi hatukufahamu neno, lakini sauti ya yule mtoto tuliizoea hata tukajua lini imebadilika. Mama alizoea kusema, "Kakua huyu." Sista alikuwa akirudisha mkanda nyuma, anasikiliza tena.

Kwa kuzalisha, wanawake wote wa Kiunguja wa mtaa walikuja kumjua. Alikuwa amejifunza maneno yetu machache, pole, vuta pumzi, sukuma mama, na mzazi aliyekuwa anaogopa madaktari asioweza kusema nao alitulia alipoyasikia. Mke wa kaka yangu mkubwa alikataa kuingia chumba cha kuzalia mpaka sista huyo aitwe, na akaitwa, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha.

Kwa nini wao, kwa nini Kerala? Hili binti hakulijua, na nadhani wengi hawalijui. Kazi ya kugusa mwili na uchafu wa mgonjwa ilionwa najisi na watu wa matabaka ya juu, na mwanamke anayefanya zamu za usiku aliogopwa na wachumba. Wasichana wa Kikristo, wengi wao kutoka nyumba zisizo na shamba la kutosha, ndio waliokubali kusomea, wakianzia katika hospitali za misheni. Sheria ya India ya 1961 ilikataza mahari ya kumlipa mume, lakini ililipwa tu, na msichana mwenye dada wanne alikuwa ndiye tegemeo la kuwaoza wote. Miaka ya 60 Kanisa Katoliki lilipeleka wengi wao Ujerumani Magharibi. Marekani ilipobadili sheria yake ya uhamiaji 1965, walikwenda huko pia, na waume wakawafuata baadaye, wakiwa wameingia nchi kwa jina la mke. Mwanazuoni Sheba George, katika kitabu chake cha 2005, ameeleza jinsi wanaume hao walivyopoteza hadhi yao kazini na kuitafuta kanisani. Na hapo mambo yakageuka: muuguzi aliyekuwa haposwi akawa ndiye anayetafutwa katika matangazo ya ndoa ya magazeti ya Kerala.

Ghuba haikuwa Marekani. Huku ukaazi uliandamana na mkataba, na mkataba na mwajiri. Sista alimleta mumewe miaka ya 80, baada ya kumtafutia kazi ya ukarani, kisha watoto. Waligawana nyumba na familia nyingine, pazia katikati. Watoto walisoma skuli ya Kihindi ya Muscat, iliyofunguliwa 1975, na walipomaliza kidato cha mwisho wakarudishwa India kwa masomo ya chuo, nchi ambayo kwa miaka waliiona kwa likizo tu. Yule binti wa kaseti alisomea uuguzi Mangalore.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Iraq iliivamia Kuwait 1990, na Wahindi zaidi ya laki moja wakasafirishwa kwa ndege kupitia Amman. Masista wa mtaani kwetu hawakulala wiki nzima. Uingereza na Ireland zikaanza kuwatafuta wauguzi hao mwishoni mwa karne iliyopita. Mwaka 2014 wauguzi 46 walikwama hospitalini Tikrit, vita vikiwa mlangoni, wakarudi Kochi salama mwezi Julai. Mwaka uliofuata serikali ya India iliamuru wauguzi waendao nchi kama zetu waajiriwe kupitia mashirika ya serikali tu, kwa sababu mawakala walikuwa wamewakamua masikini hao mpaka wazazi wao wakauza ardhi. Kisha korona.

Wanaokuja sasa hawakai. Nimelazwa mara mbili miaka hii, nikawaona: wapole, hodari, na simu mfukoni yenye mazoezi ya mtihani wa Kiingereza. Hakuna anayejua majirani zake. Inaniudhi, lakini siwezi kuwalaumu wao. Vijana wetu wa Kiomani wamesomea uuguzi na nafasi zao ni haki yao, hilo nalifurahia. Ila barua inayomwambia mtu wa miaka 25 ya kazi kwamba mkataba wake hautaongezwa, na ana siku chache za kufunga nyumba, nimeisoma kwa macho yangu, maana sista aliileta kwetu nimsomee Kiarabu chake. Haikuwa na neno la shukrani.

Binti yake alifika Ireland na mume na mtoto mchanga. Nchi ile ilimtaka miaka 5 ya ukaazi kabla ya kuomba uraia. Aliomba, akapata, akanunua nyumba, na wanawe wanacheza mpira katika timu ya kijiji. Sista mwenyewe alizeekea Muscat, akalipa kodi ya nyumba kila mwezi, akamzika mumewe kwao Thiruvalla kwa kuwa hapa hapakuwa kwao, na siku zote hizo hakuna aliyemuuliza kama angependa kubaki. Angependa. Aliniambia hivyo, kwa Kiswahili.