Jioni Moja Katika Treni ya Pugu

Mama anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam anaijua taabu ya jioni. Anafunga biashara Kariakoo, anagombania daladala, anakwama kwenye foleni, na akifika nyumbani anawakuta watoto wamekwisha kulala.

Mwaka 2017 sisi akina mama watatu wa jumuiya moja tulikwenda Pugu kumpa hongera mwenzetu aliyejifungua. Tulibeba khanga, sabuni na unga wa uji. Kwa kuogopa foleni, tukaamua kupanda treni.

Reli tuliyopita ni ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa safari za mbali. Treni za kuwahudumia wakazi wa jiji zilianza Oktoba 2012, moja ikitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na nyingine ikipita katika reli ya TAZARA upande wa Temeke. Watu waliziita treni za Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule. Safari za Pugu zilifuata mwaka 2016.

Behewa lilijaa. Kijana mmoja alimpisha mama mwenye mtoto mgongoni, nasi tukamshukuru Mungu kwa malezi aliyopata. Karibu nasi alikaa mama muuza nyanya, beseni lake likiwa tupu. Tukamsalimu, tukaanza kuzungumza.

"Zamani mwanangu wa mwisho alikuwa ananiona Jumapili tu," alisema. "Treni ilipoanza nikawa nafika mapema, lakini nilikuwa naingia moja kwa moja kwenye vyombo na nguo. Siku moja akaniuliza, 'Mama, leo utakaa?' Basi, dada zangu, siku hizi vyombo vinasubiri. Kwanza nakaa naye, tunaangalia daftari lake."

Tulinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa anawafikiria watoto wake.

Tulishuka Pugu kabla giza halijaingia. Hewa ya vilima ilikuwa na ubaridi kidogo. Mahali hapa pana historia: wamisionari Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1888, ikashambuliwa Januari 1889. Katika shule ya Mtakatifu Fransisko ya hapo Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi ili aitumikie TANU. Mzazi tulimkuta salama, na mtoto mwenye afya.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na Pugu ina stesheni katika reli hiyo mpya. Tunafurahia maendeleo hayo. Lakini treni iwe ya zamani au ya umeme, inaweza kutupunguzia saa moja ya njiani tu. Namna ya kuitumia saa hiyo ni juu yetu. Martha naye alikuwa na kazi nyingi za halali.

Akina mama wenzetu, leo jioni tukifika nyumbani, tuweke kikapu chini na tukae kwanza na watoto wetu. Bwana atusaidie.