Rangi na Jirani Yake

Watu wengi wa mjini wakiona picha ya pembetatu na mistari mitupu, bila mtu wala mnyama, wanasema: "Hayo ni mambo ya wazungu." Sisi tuliokulia Mitwaba picha za namna hiyo tulizijua kabla ya kushika kalamu.

Kila kiangazi, mvua ikiisha kuharibu kuta, wamama walikandika nyumba upya, kisha wakazipaka. Rangi zilikuwa chache: pemba nyeupe, udongo mwekundu na makala yaliyotwangwa. Kwa vidole walichora miraba, pembe na mistari.

Siku moja tuliona mstari wa bulu katikati ya pembe nyekundu. Tukabishana: bulu imetoka wapi, na hakuna aliyeinunua? Nkambo akacheka, akachota kidogo, akatutia mkononi: "Batoto, muangalie muzuri. Ile haiko bulu. Njo makala na pemba tu." Kweli, mkononi ilikuwa kijivu kama majivu. Aliporudi kuipaka kando ya nyekundu, ikawa bulu tena. "Rangi haiishi yeye moja," alisema. "Iko na jirani yake."

Baadaye, masomoni Lubumbashi, tulisoma habari za Chevreul, mkemia Mfaransa. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi zao nyeusi zimefifia. Aliona kosa si la rangi ya nyuzi, bali la rangi zilizowekwa kando yake, na mwaka 1839 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Nkambo hakukisoma. Hapa mjini pia, Mwenze Kibwanga, aliyetoka katika karakana ya Romain-Desfossés iliyoanzishwa 1946, alijenga picha zake kwa mistari mifupi iliyopangwa bega kwa bega, katika rangi zilezile za udongo.

Mwaka 2005 na 2006, vita kati ya Mai-Mai na jeshi viliwakimbiza watu wetu. Vijiji vilichomwa, tukalala chini ya maturubali. Turubali haipakwi pemba. Wengine waliporudi, wamama waliojua kuchanganya walikuwa wamekufa au wamebaki mbali. Leo mwenye uwezo anajenga kwa matofali na simenti, na watoto wetu wanauliza bulu inauzwa duka gani.

Kule Makwacha, kijiji kisicho mbali na Lubumbashi, wamama wamejulikana kwa kuta zao zilizopakwa udongo. Basi nasi tusingoje. Kiangazi hiki, kila jamaa itafute ukuta mmoja na mama mmoja anayejua, na watoto watiwe kijivu mkononi.