Siku Gani Inastahili Kuwa Sikukuu ya Taifa?

Mwezi wa Januari humpa mwalimu wa Kongo kazi isiyo ndogo. Furaha ya mwaka mpya haijatulia, mara inafika tarehe 4, siku ya Mashahidi wa Uhuru. Kisha zinafuatana tarehe 16, ukumbusho wa Laurent-Désiré Kabila aliyeuawa mwaka 2001, na tarehe 17, ukumbusho wa Patrice Lumumba aliyeuawa mwaka 1961. Shule hufungwa, hufunguliwa, hufungwa tena. Tukiwauliza watoto wetu, «Kesho tunapumzika kwa sababu gani?», wengi hujibu, «Kwa sababu hakuna shule.»

Jibu hilo limezua ubishi mwingi kati yetu sisi walimu hapa Lubumbashi. Wengine husema kwamba sikukuu zimezidi, na kwamba mwenye kulipwa kwa siku hulala njaa kila ofisi na kompanyi zinapofungwa. Wengine hujibu kwamba taifa lisilokumbuka wafu wake ni kama mtoto asiyejua jina la babu yake. Pande zote mbili husema kweli. Kwa hiyo yafaa tutafute kipimo cha kupimia siku hizo, maana pasipo kipimo kila mwenye nguvu ataandika kalenda apendavyo.

Kipimo cha kwanza: siku iwe mali ya watu wote, isiwe ya mtawala. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alitwaa madaraka, na kwa miaka mingi siku hiyo ilisherehekewa kwa maandamano, ngoma na nyimbo za kumsifu. Mwaka 1974 serikali hiyohiyo iliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za nchi. Leo mambo yakoje? Noeli imo katika kalenda, na tarehe 24 Novemba ni siku ya kazi kama nyingine. Mwenyewe alipoondoka mwaka 1997, sikukuu yake ilimfuata.

Hata tarehe 17 Mei 1997, siku askari wa AFDL walipoingia Kinshasa, yastahili kupimwa hivyo. Mjini watu wengi walitoka kuwashangilia. Lakini vita hiyohiyo ilikuwa imeacha makaburi ya wakimbizi na wanavijiji huko mashariki. Twawezaje kuwaamuru wana wa nchi moja wacheze ngoma, na baadhi yao wangali wakilia?

Kipimo cha pili: tukio liwe limewafaa watu wengi, si wale tu waliokuwapo. Tarehe 4 Januari 1959 ilikuwa siku ya Mungu. Chama cha Abako kiliita mkutano Léopoldville; wakubwa wakaukataza. Watu wakakasirika, na waliokuwa wakitoka kutazama mpira wakajiunga nao. Askari walipiga risasi, na makumi ya watu wakafa. Siku tisa baadaye, tarehe 13, mfalme Baudouin alitamka katika redio kwamba Kongo itapewa uhuru. Wafu wale hawakuwa wakubwa, na majina ya wengi wao hatuyajui. Siku yao yastahili.

Vilevile tarehe 6 Aprili, siku Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri huko Nkamba mwaka 1921. Mwaka huohuo alikamatwa, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akafia gerezani hapa mjini kwetu, tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi Wakatoliki si wa kanisa lake. Lakini mtu aliyevumilia kifungo cha miaka 30 pasipo kushika silaha ametuachia urithi sisi sote, na ilikuwa haki siku yake iingizwe katika kalenda mwaka 2023.

Kipimo cha tatu: mzazi aweze kumsimulia mtoto wake habari za siku hiyo bila kuficha. Hakuna anayeikataa tarehe 30 Juni 1960. Lakini tusimwambie mtoto habari za bendera na hotuba tu. Tumweleze pia kwamba kabla ya juma moja kwisha askari waliasi, na kwamba tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga. Sikukuu inayosimuliwa nusu humfundisha mtoto uongo nusu.

Basi, tukitumia vipimo hivyo vitatu, tunaona siku moja imesahauliwa. Mwaka 1941, wakati wa vita kuu, bei za vitu zilipanda sana, na shaba ya Katanga ilitakiwa kwa wingi. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma mwezi wa Desemba, huku Élisabethville na kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, wakiomba nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika kiwanja cha mpira. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pamoja na wengine wengi. Mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika miaka ya 1970, hakuwasahau. Kalenda imewasahau.

Hawakutafuta ufalme wala vyeo. Walitaka kulisha watoto wao. Walitoka katika makabila mengi yaliyokutanishwa na kazi katika kambi moja, na risasi hazikuuliza kabila. Katika mkoa wetu, ambamo mara nyingi tumegombanishwa kwa ajili ya asili zetu, fundisho hilo lina thamani kubwa.

Mtu atasema, «Mwalimu, waongeza sikukuu nyingine, na mkate wa mlipwa kwa siku je?» Hapana. Tunaomba ukumbusho wa tarehe 16 na wa tarehe 17 Januari uunganishwe kuwa siku moja, maana hao wawili wote waliuawa wakiwa wamekwisha kuiongoza nchi. Na siku itakayobaki wapewe wafanyakazi wa mwaka 1941. Hesabu haitaongezeka. Tunajua wengine hawatakubali, na twawakaribisha walete hoja zao.

Lakini wazazi wasiingoje serikali. Waliokuwa watoto kambini mwaka 1941, kama wangali hai, wamepita miaka 80. Nendeni kwao sasa, mkae nao, mchukue pamoja nanyi mtoto anayejua kuandika. Waulizeni majina ya waliokufa, mtoto ayaandike katika daftari yake. Tena usiku wa kuamkia kila sikukuu, baba au mama aseme maneno machache mezani: nani alikufa, wapi, na alitaka nini.